Maswali ya Wasomaji: Shamba Letu Kwenye Ramani ya Zamani ni Maji Matupu

Tangu tuguse habari za ramani za zamani za mashambani barua hazijakatika, na nyingi zinatoka kwa watu wanaolima kwenye ardhi iliyokuwa kinamasi ikakaushwa. Leo safu yote nawapa ninyi.

Swali: Ramani inadanganya ama babu amesahau?

*Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mjukuu wa Usonga huku Siaya, karibu na kinamasi cha Yala. Kuna ramani ya 1:50,000 nilikuta shuleni nikaipiga picha na simu, pale tunapolima mahindi wameonyesha mafunjo tu. Lakini babu anasema yeye akiwa kijana watu walikuwa wanalima na kuchunga ng'ombe huko, maji yalikuja baadaye. Nimwamini nani?*

Ndugu yangu, usimwambie mzee amesahau, na ramani nayo usiitupe. Kabla hujaangalia kitu kingine chochote kwenye hiyo karatasi shuka mpaka kwenye maandishi madogo ya pembeni utafute mwaka wa picha. Siyo mwaka wa kuchapa, mwaka wa picha. Nyingi ya hizi ramani za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitengenezwa na ofisi ya Waingereza iliyoanzishwa 1946, Directorate of Colonial Surveys, mkubwa wake wa kwanza akiwa Martin Hotine, na kazi ilienda hivi: ndege inapita juu inapiga picha zinazopandana, wapimaji wachache wanapima alama huku chini, halafu wachoraji kule Uingereza wanakaa na kifaa cha kutazama picha mbili kwa pamoja mpaka milima inainuka machoni, wanachora. Ndiyo maana ramani iliyochapwa mwaka huu inaweza kuwa inaonyesha nchi ilivyokuwa miaka kumi au zaidi iliyopita, na mtu akisoma mwaka wa kuchapa peke yake anapotea kabisa.

Sasa kwenu huo mwaka una uzito kuliko sehemu nyingi, kwa sababu Ziwa Victoria lilipanda kama mita 2.5 kati ya 1961 na 1964, baada ya zile mvua kubwa za mwisho wa 1961. Kwenye nchi tambarare kama hiyo yenu mita mbili na nusu ni kitu kikubwa mno, maji yanaingia bara mbali sana na mafunjo yanafuata nyuma. Halafu Mei 2020 likapanda tena likavuka kidogo hata kiwango cha 1964, watu wa Budalang'i hawahitaji kukumbushwa. Kwa hiyo kama babu alikuwa kijana miaka ya 50 na picha za ramani yako zilipigwa baada ya 1964, wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa mwaka wake.

Kuna pia mkono wa binadamu. Kinamasi cha Yala chote ni kama hekta 17,500, na kuanzia miaka ya 1960 upande wa mashariki zilikaushwa kama hekta 2,300, mto ukachimbiwa mfereji, tuta likajengwa, na Ziwa Kanyaboli likatengwa na mto uliokuwa unaliingiza maji. Toleo la ramani utalijua kwa hapo hapo: mto wa asili unajipinda pinda, ukiona mstari wa bluu umenyooka kama umepigwa rula ujue hiyo picha imepigwa baada ya wachimbaji kupita.

Na kitu kimoja ambacho mimi kinaniuma kwenye hizi ramani, mchoraji alikuwa anaona mafunjo kutoka juu basi, anajaza alama ya kinamasi anaendelea. Njia za wavuvi ndani ya matete, vishamba vya pembezoni vya kiangazi, mahali wanawake walikokata mafunjo ya kusuka mikeka, majina ya vile visiwa vidogo vya ardhi ngumu, vyote havimo. Mtu akija baadaye na hiyo ramani anasema pale palikuwa patupu hapakuwa na mwenyewe, na maneno hayo yameshatumika sehemu nyingi kuwaondoa watu. Fanya hivi, chapa hiyo ramani kubwa, kaa na babu na wenzake wa rika lake, waulize ng'ombe walikunywa wapi, mto ulivukwa wapi, mafuriko yalifika mti gani, uandike juu ya karatasi kwa kalamu na uweke tarehe. Usisubiri likizo ya Desemba.

Swali: Mto uko juu, mashamba yako chini

*Shikamoo Mwalimu. Mimi dada yenu niko Uingereza, nafanya kazi kwenye shamba la mboga karibu na Ely. Kila asubuhi basi letu linapita barabara ya tuta na nashangaa mto uko juu kuliko mashamba! Nikafungua ramani ya simu naona kimo kimeandikwa na alama ya kutoa mbele. Imekuwaje watu wakalima chini ya bahari?*

Marahaba dada. Hapo ulipo panaitwa Fens na kwa mtu anayependa ramani za ardhi iliyokaushwa sijui kama kuna darasa bora kuliko hapo, kwa sababu ramani zake zinarudi nyuma karibu miaka 400 na kila moja inaonyesha nchi tofauti.

Ely yenyewe ilikuwa kisiwa, lile kanisa kubwa limekaa kwenye kilima na pembeni yote palikuwa maji, matete, samaki, mikunga na ndege. Watu walikuwepo na waliishi vizuri tu kwa kuvua, kukata matete na kuchunga kiangazi maji yakipungua. Miaka ya 1630 Earl wa Bedford na matajiri wenzake wakatia pesa, wakamleta mhandisi Mholanzi Cornelius Vermuyden, akachimba mto mpya wa kunyooka kama kilomita 34 ili maji yafike baharini haraka, na 1651 wakaongeza wa pili sambamba na ule wa kwanza, nafasi ya katikati ikaachwa makusudi iwe ya kumeza mafuriko. Mpaka leo ukifungua ramani yoyote ya Uingereza hiyo mistari miwili unaiona mara moja. Katika waliochimba kuna mateka wa vita, Waskoti na Waholanzi, na wenyeji walipigana sana, walibomoa matuta usiku kwa sababu malisho na uvuvi wao ulikuwa unaondoka. Sasa tazama ramani kubwa aliyoichora Jonas Moore 1658: vipande vya ardhi vya wale wenye pesa vimepangwa, ngao za familia zao zimepamba ukingo wa karatasi, lakini mvuvi humwoni popote. Ni ileile niliyomwambia ndugu wa Usonga.

Mto kuwa juu ni hivi. Udongo wa hapo ni mweusi, ni majani na matete yaliyooza majini kwa maelfu ya miaka yakajilundika. Ukiukausha unasinyaa kama sponji iliyotolewa majini, halafu hewa ikiingia ndani unaanza kuoza sasa kwelikweli, unakuwa gesi unaondoka, na upepo wa machipuko unapeperusha unaobaki. Basi ardhi inashuka. Ikishuka maji hayaendi tena mtoni yenyewe, ikabidi waweke vinu vya upepo vya kuyainua, ardhi ikashuka zaidi, vinu vikashindwa, zikaja injini za mvuke, ile ya Stretham iliyowekwa 1831 bado imesimama na haiko mbali na hapo kwenu, baadaye dizeli, sasa umeme. Kila pampu mpya inakausha chini zaidi na kila ukikausha chini zaidi ardhi inazidi kushuka. Mto wenyewe umebaki palepale kati ya matuta yake, mashamba ndiyo yameshuka.

Ukipata siku ya mapumziko nenda Holme Fen upande wa Peterborough. Hapo jirani palikuwa na ziwa la Whittlesey Mere, mojawapo ya maziwa makubwa kabisa ya nyanda za chini za Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1850 wakalikausha kwa pampu ya mtindo mpya ya Appold iliyokuwa imeonyeshwa London kwenye maonyesho makubwa ya 1851. Kwenye tope la chini walikuta mpaka chetezo cha fedha cha watawa wa zamani, sasa kiko makumbusho London. Mwenye ardhi alijua udongo utashuka, kwa hiyo nguzo ya chuma ikapigwa mpaka kwenye udongo mgumu na kichwa chake kikasawazishwa na uso wa ardhi. Leo nguzo hiyo imetoka nje kama mita 4. Mita nne dada! Na hapo chini ni kama mita 2.75 chini ya usawa wa bahari, hakuna ardhi ya chini kuliko hiyo Uingereza nzima.

Kwenye mtandao Maktaba ya Taifa ya Scotland wameweka ramani za zamani za Ordnance Survey, ofisi ya ramani ya Uingereza, za Uingereza yote siyo Scotland tu, unaangalia bure. Fungua ya inchi sita kwa maili ya miaka ya 1880 ya hapo Holme, uweke pembeni picha ya satelaiti ya leo. Ziwa halipo, pana mashamba ya pembe nne na mitaro ya kunyooka, lakini kwenye picha ya satelaiti udongo wa lililokuwa ziwa bado una rangi yake tofauti. Na ukiona kijiji kirefu chembamba kama Prickwillow nyumba zimejipanga kwa kujikunja, wamejenga juu ya mchanga wa mto wa zamani uliokufa, kwa sababu mchanga haukusinyaa, pembeni pote pameshuka na mto wa zamani ukabaki kama mgongo. Nyumba zilizojengwa nje ya hapo utaziona zimelala upande.

Swali: Bonde letu la Kabale limeshuka au la?

*Mimi ni mfugaji, Kabale Uganda. Bonde letu lilikuwa mafunjo, wazee wakalikausha wakati wa Mwingereza, leo ni nyasi na ng'ombe wa maziwa. Nimelinganisha ramani ya zamani na mpya, mistari ya urefu ni ileile. Kwa hiyo sisi hatujashuka?*

Mistari haiwezi kukujibu hilo kaka. Kwenye zile ramani za zamani kontua zinaruka futi 50 au 100 kwa wakati mmoja, soma pembeni utaona, na zile za baadaye za mita zinaruka 20. Bonde likishuka mita moja na nusu linaweza likawa lote liko katikati ya mistari miwili, ramani haioni kitu. Tena urefu uko kwa futi, zidisha kwa 0.3048 kabla hujalinganisha, futi 6,000 ni mita 1,829, nimeona watu wakigombana kumbe mmoja anasoma futi mwenzake mita.

Mabonde ya Kigezi, yaani huko kwenu Kabale, yalianza kukaushwa kwa mpango miaka ya 1940, na udongo wa chini ya mafunjo ni wa aina ileile niliyomweleza dada wa Ely, kwa hiyo mimi kwa mawazo yangu sioni namna ambavyo yangekauka bila kusinyaa kidogo. Tafuta ushahidi chini siyo kwenye karatasi. Angalia kalvati za zamani kama mdomo wake umebaki juu ya mtaro, nguzo za uzio kama miguu imetoka nje, mizizi ya miti ya zamani kama inaning'inia. Na kama una moyo wa kuwaachia watoto kitu, chukua bomba refu la chuma ulipige mpaka likwame kwenye udongo mgumu, lisawazishe na ardhi, uchore tarehe. Mkifanya wafugaji wa bonde zima, kila mmoja bomba lake, mtakuwa na vipimo ambavyo ramani haina.

Ukiona bonde linashuka usikimbilie kuchimba mtaro uwe mrefu zaidi kwenda chini. Afadhali uweke milango ya mbao kwenye mitaro, kiangazi unafunga maji yabaki juu juu udongo usikauke, nyasi zenyewe zitashukuru.

Swali: Naweza kwenda na ramani ya zamani mahakamani?

*Jirani amehamisha mpaka, kuna mtaro kati yetu na kwenye ramani ya 1:50,000 mtaro uko upande wangu. Hiyo si ushahidi tosha?*

Hapana, na nakusihi usitumie pesa zako kwa wakili kwa hiyo peke yake. Kwenye 1:50,000 milimita moja ni mita 50, unene wa ule mstari wa mtaro tu tayari ni mita kadhaa za ardhi. Ile ni ramani ya sura ya nchi siyo ya ploti. Nenda ofisi ya ardhi uombe ramani ya usajili yenye namba za ploti, na kama kulikuwa na bikoni, zile alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji, mtafute mpimaji mwenye leseni. Ramani ya topografia inaweza kusaidia kama kitu cha kuunga mkono tu, kwa mfano kuonyesha mtaro ulikuwepo mwaka fulani na haukuchimbwa juzi. Wazee wa eneo wawepo pia siku ya kupima.

Swali: Ohio, nchi tambarare kama meza

*Salamu kutoka Toledo, Ohio. Sisi ni familia kutoka Kongo, tunaishi huku Marekani. Mume wangu anafanya kazi kwenye mashamba ya mahindi na anasema hapa palikuwa msitu wa maji. Kweli? Mbona sioni hata dimbwi.*

Kweli kabisa mama. Palikuwa na Great Black Swamp, kinamasi chenye msitu, kama kilomita 190 kwa urefu na 65 kwa upana, wasafiri walikiogopa kwa tope na homa. Kikakaushwa nusu ya pili ya karne ya 19, na dimbwi hulioni kwa sababu mifereji iko chini ya miguu yenu, ni mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyofukiwa shambani moja baada ya jingine, yanatiririsha kwenye mitaro ya pembeni ya barabara. Mwanzoni walichimba kwa mkono, miaka ya 1890 James B. Hill wa hukohuko Ohio akatengeneza mashine ya mvuke ya kuchimba mitaro kazi ikaenda mbio.

Mabomba hayaonekani kwenye ramani yoyote ya topografia, weka hilo akilini. Lakini ingia kwenye topoView, tovuti ya ramani za zamani ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, pakua bure ramani za mwanzo wa karne ya 20 za wilaya yenu. Utaona mitaro ya kunyooka ina majina kama mito, na nyumba za wakulima ni vimraba vyeusi kila baada ya hatua chache, shule ndogo kwenye njia panda, kanisa, makaburi. Halafu fungua ya 1:24,000 ya baadaye ya palepale uhesabu vile vimraba, shule nyingi zimeondoka, nyumba zimepungua, mashamba yameungana. Mimi hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwenye kontua, kwa sababu unaona watu wakiondoka toleo kwa toleo.

Na haya siyo ya zamani tu. Maji ya hayo mabomba yanabeba mbolea mpaka mto Maumee kisha Ziwa Erie, na Agosti 2014 karibu watu nusu milioni wa Toledo na pembeni waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani uliostawi kwa mbolea. Kile kinamasi kilikuwa kinachuja, siku hizi huko wanarudisha vipande vya ardhi oevu makusudi ili kazi hiyo ifanyike tena.

Swali: Nimeiweka kwenye simu, shamba limehama!

*Nimeskani ramani ya zamani ya kwetu Kenya nikaiweka kwenye kompyuta juu ya satelaiti, kila kitu kimesogea, barabara haikai juu ya barabara. Na nyingine nitapata wapi?*

Ramani haina kosa, ni msingi wa vipimo, yaani namna dunia ilivyopimwa, ndio tofauti. Ramani za zamani za Afrika Mashariki nyingi ziko kwenye msingi unaoitwa Arc 1960, simu yako inatumia WGS84, na kati ya hizo mbili kuna mhamo wa kama mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 90 mashariki-magharibi. Tumia QGIS, ni programu ya bure, chagua namba sahihi ya msingi na ukanda wa gridi kabla ya kuifunga picha mahali pake: 21036 kwa ukanda wa 36 kusini mwa ikweta, 21096 kwa 36 kaskazini, 21037 kwa 37 kusini. Ikweta inapita kwetu kwa hiyo angalia vizuri uko upande gani, na soma pembeni ya karatasi imeandikwa msingi gani. Kufunga tumia makutano ya gridi iliyochapwa, angalau manne ya pembe na mengine katikati, usitumie mikondo ya mito wala ukingo wa kinamasi kwa sababu hivyo ndivyo vinavyohama. Skani ikiwa na mkunjo itapotosha, ilaze karatasi chini ya kioo kwanza.

Kupata nakala Kenya ni Survey of Kenya pale Ruaraka, Uganda ni idara ya upimaji Entebbe, Tanzania ni upimaji na ramani wizara ya ardhi. Uliza toleo la zamani kwa jina la karatasi na namba yake, wasikupe la mwisho tu. Picha za ndege zenyewe nyingi za ile ofisi ya Waingereza ziko Edinburgh kwenye hifadhi ya taifa ya picha za anga, zina gharama lakini picha inaonyesha kila mti na kila boma ambalo mchoraji aliruka, ukiweza kuchanga na majirani nunueni ya kijiji chenu moja.